Bologna au Paris: Kisa cha Kuanzia kwa Anayesoma Chanzo cha Vyuo Vikuu

Mtu anayetaka kujua vyuo vikuu vya Ulaya vilianzaje katika Zama za Kati hukutana mapema na miji miwili, Bologna iliyoko kaskazini mwa Italia na Paris iliyokuwa makao ya wafalme wa Ufaransa, na kila mmoja hutajwa kuwa ndio chimbuko. Maandishi mengi ya utangulizi huiweka miji hiyo pamoja katika aya moja, kana kwamba jambo lile lile lilitokea mara mbili, na msomaji huondoka na tarehe mbili tatu kichwani bila kufahamu kwamba vyuo hivyo vilisimama juu ya misingi iliyopingana. Huko Bologna wanafunzi ndio waliounda chama na kuwaajiri walimu wao. Huko Paris walimu ndio waliounda chama na kuwatawala wanafunzi wao. Karibu kila tofauti nyingine utakayoisoma hapa inatokana na hiyo.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa historia anayetafuta mada ya insha, mwalimu anayeandaa somo, na msomaji wa kawaida mwenye nafasi ya kusoma kisa kimoja kwa kina kabla ya kugusa kingine. Nitasema mapema ninakoegemea. Kwa wasomaji wengi Bologna ndipo mahali bora pa kuanzia, kwa sababu huko mtu anaona waziwazi ni haja gani iliyowafanya watu waungane. Lakini mwenye swali linalohusu fikra, imani, au muundo wa vitivo na shahada tunaoutumia mpaka leo, aanze Paris bila kusita.

Yapo mambo ambayo miji hii ilishirikiana. Katika karne ya 12 biashara ilikuwa imekua, miji ilikuwa imejaa watu, na mapapa, maaskofu, wafalme na mabaraza ya miji walihitaji watu wanaojua kusoma, kuandika na kutetea hoja kwa Kilatini. Wakati huo huo vitabu vilivyokuwa vimepotea katika Ulaya ya magharibi vilikuwa vikirudi kwa njia ya tafsiri, hasa kutoka Toledo na Sisilia, ambako wasomi walitafsiri kutoka Kiarabu na Kiyunani maandishi ya Aristotle, ya Ibn Sina, na baadaye ya Ibn Rushd. Shule za makanisa makuu na za watawa zilikuwepo tangu zamani, lakini hazikutosha kwa umati uliokuja. Vyuo hivi viwili havikuanzishwa na mtu yeyote kwa hati au kwa amri. Vilikua vyenyewe, na hati zilikuja baadaye kutambua kitu kilichokwisha kuwepo. Wala havikuwa na majengo. Mwalimu alifundishia nyumbani kwake au katika ukumbi wa kupanga, na mikutano mikubwa ilifanyika makanisani. Huko Bologna jengo la Archiginnasio, ambalo ndilo la kwanza kuwakusanya wote mahali pamoja, lilikamilika mwaka 1563. Hali hiyo ya kutokuwa na kuta ilikuwa silaha kubwa, maana chama kisicho na mali ya kuacha nyuma kinaweza kuhama mji kikikosewa, na vyote viwili vilihama.

Tarehe zinazotajwa

Msomaji anayechagua kwa kigezo cha ukongwe atavutwa na mwaka 1088, ambao Bologna inautumia kama mwaka wake wa kuzaliwa. Ni vizuri ajue kwamba mwaka huo ulikubaliwa na kamati ya karne ya 19 iliyoongozwa na mshairi Giosuè Carducci, wakati chuo kilipokuwa kikijiandaa kwa sherehe za miaka 800 zilizofanyika mwaka 1888. Hakuna hati ya mwaka 1088 inayotangaza kuanzishwa kwa chochote. Kilichopo ni kwamba kuelekea mwaka 1100 mwalimu aitwaye Irnerius alikuwa akifundisha mjini humo sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian katika karne ya 6, na kwamba mafundisho yake yaliwavuta watu kutoka mbali. Paris haina mwaka mmoja wa namna hiyo, na kwa maoni yangu hilo ni la kweli zaidi kuhusu jinsi vyuo vya awali vilivyozaliwa. Inazo hatua zinazofuatana: hati ya mfalme ya mwaka 1200, kanuni za mwakilishi wa Papa za mwaka 1215, na barua kuu ya Papa ya mwaka 1231.

Swali la ukongwe huleta pia majina ya al-Qarawiyyin ya Fes, inayosimuliwa kuwa ilijengwa na Fatima al-Fihri mwaka 859, na al-Azhar ya Cairo, iliyojengwa katika miaka ya 970. Kama mahali pa elimu, hizo ni kongwe kuliko Bologna na Paris, na hakuna sababu ya kulikwepa jambo hilo. Kinachotofautiana ni namna elimu ilivyothibitishwa. Msomaji wa pwani yetu anaijua ijaza: shekhe kwa jina lake humruhusu mwanafunzi wake kufundisha kitabu au elimu fulani, na ruhusa hiyo inabeba mlolongo wa walimu waliotangulia. Katika Paris na Bologna ruhusa haikutolewa na mwalimu binafsi. Ilihitaji kikundi cha walimu kumpima mtahiniwa na afisa wa Kanisa kumpa leseni. Anayependa kuzilinganisha mila hizo mbili ana kazi nzuri mbele yake, ila ni kazi inayojitegemea, na haifai kubanwa ndani ya swali la nani alitangulia.

Bologna: chama cha wageni

Ili kuielewa Bologna ni lazima kwanza kumfahamu mwanafunzi wake. Hakuwa kijana mdogo. Wengi waliokuja kusoma sheria walikuwa watu wazima, baadhi yao tayari wakiwa na vyeo na mapato ya Kanisa huko kwao, wenye fedha za kujikimu kwa miaka mingi, kwani sheria ya kiraia ilichukua miaka ipatayo saba au minane. Walitoka Ujerumani, Ufaransa, Hispania, Uingereza na pembe zote za Italia. Lakini mtu huyo mwenye hadhi kwao, alipoingia Bologna, alikuwa mgeni asiye na haki. Mwenye nyumba angeweza kumtoza kodi atakayo, mahakama za mji zilikuwa za wenyeji, na kulikuwa na desturi iliyomtisha kila msafiri: mfanyabiashara aliyedhulumiwa na mtu wa mji fulani aliweza kumkamata mtu mwingine yeyote wa mji huo na kumlipisha deni ambalo si lake.

Kaisari Frederick Barbarossa aliliona tatizo hilo. Katika miaka ya 1150 alitoa amri inayojulikana kama Authentica Habita, ambayo iliwaweka wasafiri wa elimu chini ya ulinzi wake, ikakataza wasikamatwe kwa madeni ya wananchi wenzao, na ikawapa haki ya kushtakiwa mbele ya mwalimu wao au askofu badala ya mahakama ya mji. Amri hiyo iliwalinda watu mmoja mmoja. Chama walikiunda wenyewe, kwa mfano ule ule wa vyama vya mafundi na wafanyabiashara waliokuwa wakiwaona mitaani, na kufikia karne ya 13 wanafunzi wa sheria walikuwa na jumuiya mbili, moja ya watu wa ng'ambo ya milima ya Alps na nyingine ya Waitalia wasio wa Bologna, kila jumuiya ikigawanyika katika makundi ya watu wa kwao yaliyoitwa mataifa, na kila moja ikimchagua rekta, yaani kiongozi wake. Wanafunzi wenyeji wa Bologna hawakuwa wanachama kamili, kwa kuwa mji wao ulikuwa tayari unawalinda. Hapo ndipo chanzo kinapoonekana bila pazia: chama kilikuwa cha wale waliokosa kinga, na kiliwaacha nje wale waliokuwa nayo.

Kilichofuata ndicho kinachowashangaza wasomaji wa leo. Kwa kuwa walimu waliishi kwa ada za wanafunzi, wanafunzi walishika mfuko, na aliyeshika mfuko alitunga masharti. Kanuni za jumuiya ya wanasheria, ambazo maandishi yake ya mwaka 1317 yametufikia, zinamwonyesha profesa akiwa amebanwa kila upande. Aliapa kumtii rekta, ambaye ni mwanafunzi. Hakuruhusiwa kukosa darasa hata siku moja bila ruhusa, na akitaka kutoka nje ya mji aliweka dhamana ya fedha kuhakikisha kwamba atarudi. Alianza kufundisha kengele ilipolia na kumaliza kengele iliyofuata ilipolia, bila kuzidisha. Hakuruhusiwa kuruka sura, wala kuisogeza hoja ngumu mpaka mwisho wa kipindi ili muda uishe kabla hajaifikia. Vitabu vya sheria viligawanywa katika sehemu, na kila sehemu ilikuwa na tarehe yake ya kukamilika. Mhadhara wa kawaida ukihudhuriwa na watu pungufu ya watano, profesa alitozwa faini kama aliyekosa kazini. Na walikuwepo wanafunzi waliochaguliwa kwa siri kuripoti makosa yake.

Walimu nao hawakuwa watu dhaifu. Walikuwa na chama chao, na walikilinda kwa wivu kitu kimoja ambacho wanafunzi hawakuwahi kukipata: mamlaka ya kutahini. Mwanafunzi aliyemaliza masomo aliingia kwanza katika mtihani wa faragha mbele ya madaktari wa sheria, akipewa vifungu vya kueleza na kutetea. Akifaulu, alikwenda kwenye sherehe ya hadhara katika kanisa kuu, ambako alikabidhiwa kitabu, pete na kofia. Mwaka 1219 Papa Honorius III aliongeza sharti kwamba hakuna atakayepewa leseni bila idhini ya shemasi mkuu wa Bologna. Kwa hiyo hata katika mji ambao wanafunzi waliweza kumtoza profesa faini, hawakuweza kujipa shahada. Mwandishi wa insha asiyelitaja hilo ataichora Bologna kama jamhuri ya wanafunzi, na haikuwa hivyo.

Kwa anayetaka kumwona mwalimu mmoja kwa karibu zaidi, napendekeza Odofredus, mwanasheria aliyefariki mwaka 1265. Yamehifadhiwa maneno yake ya darasani, ambamo anawaeleza wanafunzi mwanzoni mwa mwaka jinsi atakavyofundisha: kwanza atatoa muhtasari wa kila sehemu kabla ya kuigusa, kisha ataeleza shabaha ya kila sheria, kisha atausoma mwandiko wenyewe na kuusahihisha, kisha atarudia kwa ufupi, na mwishoni atatatua vifungu vinavyoonekana kugongana. Kusahihisha mwandiko kulikuwa kazi halisi, kwa sababu kila nakala iliandikwa kwa mkono na kila mnakili alikosea mahali pake. Mahali pengine Odofredus huyo huyo anafunga mwaka kwa kuwaambia kwamba mwaka ujao hatatoa mihadhara ya ziada, kwa kuwa wanafunzi si walipaji wazuri: wote wanataka kujua, na hakuna anayetaka kulipa. Katika sauti hiyo moja unamsikia mwalimu hodari na mtu anayedai ujira wake.

Mambo yalibadilika fedha zilipobadilisha mkono. Baraza la mji liliogopa sana kuwapoteza wanafunzi, kwani kundi lililokasirika lilikuwa limekwenda Vicenza mwaka 1204, jingine Arezzo mwaka 1215, na la mwaka 1222 lilikwenda Padua na kuzaa huko chuo kilichodumu mpaka leo. Mji ukawaapisha walimu wasihame, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 13 ukaanza kuwalipa baadhi yao mishahara. Mshahara wa mji ulikuwa salama kuliko ada za wanafunzi, na profesa anayelipwa na mji humsikiliza bwana mwingine. Mwaka 1321, baada ya mji kumwua kwa hukumu mwanafunzi aliyemteka binti wa mwenyeji, wanafunzi na walimu wengi walihamia Siena kwa hasira, na mji ulilazimika kujishusha ili warudi. Lakini katika karne hiyo hiyo nguvu ya wanafunzi juu ya walimu ilikuwa ikipungua hatua kwa hatua, bila vita na bila tangazo.

Paris: chama cha walimu

Mwanafunzi wa Paris alikuwa mtu tofauti kabisa. Kwa kawaida alifika akiwa na umri wa miaka 14 au 15, akaingia katika kitivo cha sanaa kujifunza sarufi, mantiki na falsafa, na alihesabiwa kuwa mtu wa Kanisa, hivyo akahukumiwa na mahakama za Kanisa. Kijana wa umri huo hawezi kumwajiri profesa wala kumtoza faini. Walimu wa sanaa, ambao wengi walikuwa vijana wa miaka ya ishirini na kitu wanaosoma theolojia huku wakifundisha, ndio waliokuwa na sababu ya kuungana, na adui yao wa kwanza hakuwa mwenye nyumba bali chansela wa kanisa kuu la Notre-Dame, aliyekuwa na mamlaka ya kutoa leseni ya kufundisha.

Sifa ya mji huo kama soko la hoja ilitangulia chama. Mwanzoni mwa karne ya 12 Peter Abelard aliwavuta wanafunzi wengi mno kwa mantiki yake kali na kwa kuthubutu kubishana na mwalimu wake mwenyewe, William wa Champeaux. Katika kazi yake iitwayo Sic et Non alikusanya maswali 158 ya imani na kuweka chini ya kila moja kauli za mababa wa Kanisa zinazopingana, akimwachia msomaji kazi ya kuzipatanisha. Chuo hakikuwepo bado Abelard alipofariki mwaka 1142, lakini namna hiyo ya kufundisha, ya kuweka swali, kusikiliza pande zote na kutoa uamuzi wenye hoja, ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa Paris kwa karne zilizofuata. Midahalo yake ilikuwa na kanuni kama za mahakama, na ushindi wake uliwapa watu majina.

Kisha ukaja ugomvi wa kilabuni wa mwaka 1200. Mtumishi wa mwanafunzi wa Kijerumani alikwenda kununua mvinyo, ukazuka ugomvi, Wajerumani wakampiga mwenye kilabu, na mkuu wa mji pamoja na raia wenye silaha wakavamia makazi yao na kuwaua baadhi yao. Walimu walimwendea Mfalme Philip wa Pili, naye, akihofia kwamba wangeondoka, alimfunga mkuu huyo wa mji na kutoa hati iliyothibitisha kwamba wanafunzi watashtakiwa kwa Kanisa, na kwamba kila mkuu wa mji ajaye ataapa mbele yao kuzilinda haki hizo.

Mwaka 1215 Robert de Courçon, mwakilishi wa Papa, aliweka kanuni za masomo. Anayefundisha sanaa awe na umri usiopungua miaka 21 na awe amesoma miaka sita. Anayefundisha theolojia awe na miaka 35. Vitabu vya Aristotle vya mantiki viliruhusiwa, vile vya metafizikia na maumbile vikakatazwa. Hata vazi lilitajwa: mwalimu wa sanaa avae joho la mviringo, jeusi, lenye kufika visiginoni, angalau likiwa bado jipya. Majoho ya mahafali ya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam yalitufikia kwa njia ya Uingereza, na ukoo wake unarudi kwenye mavazi ya wasomi wa Kanisa kama hao.

Ugomvi mkubwa zaidi ulitokea wakati wa sherehe za kabla ya Kwaresima za mwaka 1229, katika kitongoji cha Saint-Marcel, na safari hii pia ulianza kwa mabishano juu ya bei ya mvinyo. Wanafunzi walipigwa, wakarudi kesho yake na marungu, na askari waliotumwa na malkia mwenye kushika hatamu, Blanche wa Castile, waliwaua wanafunzi ambao kwa masimulizi ya wakati huo hawakuhusika. Walimu wakasimamisha mihadhara na kutawanyika. Wengine walikwenda Oxford, wengine Angers na Orléans, na chuo kipya cha Toulouse kiliwaandikia barua ya kuwaita, kikijisifu kwamba kwake vitabu vya Aristotle vilivyokatazwa Paris vinasomwa. Mgomo ulidumu karibu miaka miwili. Ulimalizwa mwezi Aprili 1231 na barua ya Papa Gregory wa Tisa iitwayo Parens scientiarum, iliyowapa walimu haki ya kujitungia kanuni za mihadhara, mavazi na nidhamu, ikamfunga chansela kwa kiapo, na ikawaruhusu kusimamisha masomo wakinyimwa haki ya kupangiwa kodi ya nyumba kwa usawa au wakikosewa bila kulipwa haki yao ndani ya siku 15. Mimi naihesabu barua hiyo kuwa hati muhimu kuliko zote katika historia ya awali ya vyuo vikuu, kwa sababu mgomo umeandikwa ndani yake kama haki.

Huko Paris ndiko vilikokamilika vitivo vinne, yaani sanaa, theolojia, sheria za Kanisa na tiba, kitivo cha sanaa kikiwa mlango wa kuingilia vingine, na walimu wake wakigawanyika katika mataifa manne ya Wafaransa, Wanormani, Wapikardi na Waingereza, wanaomchagua rekta. Huko pia nyumba za hisani za wanafunzi maskini zilikua na kuwa koleji. Ile iliyoanzishwa na Robert de Sorbon mwaka 1257 kwa ajili ya wanafunzi wa theolojia ndiyo iliyokipa chuo kizima jina la Sorbonne baadaye.

Mahali visa viwili vinapogusana

Mambo mawili yanaonyesha tofauti kwa ukaribu kuliko maelezo yoyote ya jumla. La kwanza ni nidhamu ya darasa. Bologna iliandika kanuni za kumwadhibu profesa anayechelewa. Paris, mwaka 1355, kitivo cha sanaa kiliamuru walimu wasisome polepole kwa imla, bali waseme kwa kasi kana kwamba hakuna anayeandika, na kikaweka adhabu kwa wanafunzi watakaopinga kwa kelele, kwa mluzi au kwa kutupa mawe, wao wenyewe au kwa mikono ya watumishi wao. Mwaka 1366 wanafunzi wa sanaa waliamriwa wakae chini mbele ya walimu wao, si kwenye mabenchi, ili kiburi kisiwaingie. Mtaa wao mashuhuri, rue du Fouarre, unabeba jina la majani makavu waliyokalia.

La pili ni somo lenyewe. Mwaka 1219, mwaka ule ule alipoweka sharti la shemasi mkuu huko Bologna, Papa Honorius III alikataza sheria za kiraia za Kirumi kufundishwa Paris. Bologna ikabaki kuwa mji wa sheria kwa maana kamili, pamoja na sheria za Kanisa zilizopangwa na Gratian kuelekea mwaka 1140. Kitivo chake cha theolojia kilikuja katika miaka ya 1360. Paris ikawa mahali ambapo theolojia na falsafa zilipiganiwa. Aristotle aliyekatazwa mwaka 1215 aliwekwa katika mtaala wa sanaa mwaka 1255, na Thomas Aquinas, aliyepokelewa rasmi miongoni mwa walimu wa theolojia mwaka 1257, alijibizana na Ibn Sina na Ibn Rushd kama watu walio hai chumbani. Kisha mwaka 1277 Askofu Étienne Tempier akazilaani hoja 219, nyingi zikihusu falsafa hiyo. Bologna haina tamthilia ya kulingana na hiyo. Huko ubishi mkali ulihusu mikataba, urithi na mamlaka ya kaisari juu ya miji.

Uchaguzi wenyewe

Ukipenda historia ya jamii, ya fedha, ya wahamiaji na haki zao, au ukiwa unasoma sheria, ichague Bologna. Mada zake zinafaa insha ya ukubwa wa kati: namna wageni walivyojipatia kinga, au namna mishahara ya mji ilivyovunja nguvu ya wanafunzi. Darasani ni rahisi kuifundisha, kwa kuwa mwanafunzi wa sekondari akisikia kanuni za kumbana profesa atauliza kwa nini zilitungwa, na jibu lake linaingia moja kwa moja katika uchumi wa mji. Tahadhari yake ni mwaka 1088, usiutumie kama tukio, na kanuni za 1317, ambazo ni za kizazi cha baadaye na hazithibitishi kila kitu kuhusu karne ya 12.

Ukipenda historia ya fikra, ya Kanisa, au ya muundo wa chuo kama tunavyoujua, chagua Paris, na ujitayarishe kwa kazi ndefu zaidi. Hapa kuna faida kubwa ya vyanzo: nyaraka za chuo hicho zilikusanywa na kuchapishwa mwishoni mwa karne ya 19 na Heinrich Denifle na Émile Chatelain, na nyingi kati ya zile kuu zimetafsiriwa katika lugha za kisasa. Hasara yake ni kwamba haieleweki bila kufahamu kiasi cha mantiki ya Aristotle na cha ugomvi kati ya walimu wa kawaida na watawa wa Dominiko na Fransisko, uliowaka katika miaka ya 1250. Msomaji asiye na subira na theolojia atachoka kabla hajafika 1277.

Mwenye nafasi ya kisa cha tatu asikimbilie Oxford mara moja, ingawa jina lake linajulikana zaidi kwetu, kwa sababu Oxford ilifuata njia ya Paris katika mengi, na Cambridge ilitoka kwa wasomi waliokimbia Oxford mwaka 1209. Kinachofundisha zaidi ni Naples, ambako Kaisari Frederick wa Pili alianzisha chuo mwaka 1224 kwa hati yake, akateua walimu, akawakataza raia wake kwenda kusoma kwingine, na lengo lake kubwa likawa kupata maofisa. Huko chama hakikutangulia hati. Anayependa tiba naye atazame Salerno, ambayo sifa yake ilikua katika karne ya 11 na kunufaika na tafsiri za vitabu vya Kiarabu za Constantine Mwafrika, mtu wa Afrika Kaskazini aliyemalizia maisha yake katika utawa wa Monte Cassino.